Mwalimu Aliyesoma kwa Jina la Mwenzake

Saa moja kasoro robo asubuhi, Jumatatu. Mwalimu amesimama mlangoni mwa darasa la tano, rejista mkononi, na hajaita hata jina moja, kwa sababu tayari kuna mtu amekwisha kumharibia siku.

Mtu huyo ni Mzee Mageni, mkulima wa pamba, amevua kofia na kuikunja mkononi. Nyuma yake yuko binti yake, aliyemaliza darasa la saba mwaka jana bila kuchaguliwa kwenda sekondari. Mzee anasema amekuja na kaombi kadogo tu. Kuna mtoto wa darasa la sita aliyeacha shule na kuwafuata kaka zake kwenye machimbo ya dhahabu huko Geita. Jina lake bado limo kwenye rejista. Kiti chake kitupu. Basi huyu binti si akae pale, aitwe hilo jina, arudie mtihani?

"Hapana, mzee."

"Sikuombi bure, mwalimu."

"Hapana, hata ulete ng'ombe."

Mzee Mageni anaikunja kofia upande wa pili. "Mbona wewe ulipita hapo hapo, Mwalimu Scola?"

Watoto hamsini na wanane waliokuwa wakipiga kelele wananyamaza kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze. Mwalimu anasonya. Anavuta pumzi, kisha anajibu kwa upole ambao unaonekana wazi kwamba unamtoa jasho.

"Ndiyo sababu nakukatalia, baba. Nenda salama."

Hapa nje kidogo ya Isaka, reli inapokata kuelekea Mwanza, kila mtu anamjua kwa jina la Mwalimu Scola. Kwenye hati ya mshahara, ambao haufiki shilingi elfu moja na mia tatu kwa mwezi, ameandikwa Scolastika Marcel. Cheti cha darasa la saba ni cha Scolastika Marcel. Cha ualimu vilevile, na cha kidato cha nne vilevile.

Jina alilopewa na wazazi wake ni Limi Nkwabi. Wanaolitumia ni wazazi hao, mume wake Stanslaus ambaye ni fundi wa njia ya reli, na marafiki kama wanawake anaokwenda nao kisimani.

Kwa miaka kumi na tisa ameishi ndani ya jina la mtu mwingine, mtu aliye hai, na kwa zaidi ya mwaka sasa amekuwa akihangaika kutoka. "Kuingia kulichukua dakika tano," anasema. "Kutoka kumenila mwaka mzima na zaidi, na barua kumi na mbili. Safari niliacha kuzihesabu, maana zilikuwa zinanitia uchungu."

Mambo yalianza mwaka 1966. Siku hizo mtihani wa darasa la nne ulikuwa panga. Ukianguka, unarudi nyumbani kushika jembe, na kurudia darasa kulikatazwa kabisa. Limi aliamka siku ya mtihani na homa kali, akaandika nusu ya maswali, nusu nyingine akalala juu ya dawati. Alianguka.

Januari iliyofuata mwalimu mkuu, Mwalimu Gregory, alifika nyumbani kwao kwa baiskeli. Alikuwa na nafasi, alisema. Kwenye rejista yake kulikuwa na jina la Scolastika Marcel, msichana wa kijiji cha pili aliyeacha shule darasa la pili mama yake alipougua. Mwalimu Gregory hakumfuta. Wasichana shuleni walikuwa wachache mno na wakaguzi walikuwa wakali, kwa hiyo aliendelea kumpandisha darasa mtoto ambaye hakuwepo. Kwenye karatasi, Scolastika alikuwa mwanafunzi mtulivu kuliko wote.

Mwalimu Gregory amestaafu sasa. Anapoulizwa habari hizo, hakwepi wala haombi radhi.

"Nilifanya hivyo kwa watoto tisa," anasema. "Mmoja ni bwana shamba, mmoja ni askari. Kila shule ilikuwa inafanya. Kama ni kosa waje wanifunge, nina miaka sabini na miguu inaniuma, huko jela nitakaa tu."

Limi anaikumbuka asubuhi ya kwanza. Mwalimu Gregory aliita, "Scolastika Marcel." Kimya. Akaita tena. Kimya. Akashuka, akamchapa Limi fimbo moja ya mguuni.

"Ndipo nikasema nipo," anaeleza. "Nimekuwa nikisema nipo mpaka leo."

Alisema nipo hadi darasa la saba, mwaka 1970. Hakuchaguliwa kwenda sekondari. Alilima pamba, akaolewa, akazaa. Mwaka 1976 serikali ilipotaka kila mtoto aende shule na walimu wakawa hawatoshi, yeye na wenzake waliomaliza la saba wakachukuliwa kufundisha huku wakijifunza. Asubuhi alisimama mbele ya watoto. Mchana alikaa kwenye madawati yale yale, magoti yakimgusa kidevuni, akifundishwa na mkufunzi aliyezunguka vijiji vinne kwa baiskeli. Kulikuwa pia na masomo ya redio, lakini redio ya kijiji ilikuwa haina betri.

Alifaulu mwaka 1979. Hata hivyo mpaka leo wapo wanaowacheka walimu wa namna yake kwamba eti wamesomea chini ya mti. Limi hapendi utani huo. "Waje wafundishe watoto hamsini na wanane kwa vitabu saba," anasema, "halafu tucheke pamoja."

Akaamua kufika mwisho. Akaanza kidato cha nne kwa njia ya posta. Bahasha za masomo zilishuka Isaka na treni, nyingine zimelowa, nyingine zimeishia Tabora. Hisabati ilimwangusha mara mbili. Mwaka 1984 akapata cheti, na mwaka uliofuata chuo cha ualimu kikamwandikia kwamba amepata nafasi ya miaka miwili. Akitoka hapo atakuwa mwalimu kamili, na hakuna atakayemtania tena habari za mti.

Barua ile ilikuwa na sharti moja: aje na cheti cha kuzaliwa.

Hakuwa nacho. Watu wengi wa rika lake hawana. Kila aliyemuuliza alimpa jibu moja, tena bila kufikiri: nenda ofisini Kahama na baba yako, aape kwamba wewe ni Scolastika binti Marcel, upewe cheti, yaishe. Ndivyo wenzake wote waliorudia kwa majina ya watu walivyofanya.

Baba yake, Mzee Nkwabi, alikubali. Njiani, juu ya lori la pamba, binti alimkaririsha. Jina la mtoto? Scolastika. Jina la baba? Marcel. Mzee alijibu vizuri kila mara, hata akamwambia aache kumsumbua, yeye si mtoto.

Ofisini, karani alichovya kalamu na kuuliza, "Baba wa mtoto ni nani?"

Mzee Nkwabi alimtazama karani, akamtazama binti yake, akanyoosha mgongo.

"Nkwabi," alisema. "Mimi hapa."

Limi alimkanyaga mguu chini ya meza. Mzee hakujali. Akaendelea na jina la mtoto, la mama wa mtoto, na la babu wa mtoto ingawa babu hakuulizwa. Karani akaandika yote, akagonga mhuri.

Nyumbani kwake, mzee huyo hana hata chembe ya majuto. "Mama yake Limi nilimtolea ng'ombe kumi na tisa," anasema. "Walihesabiwa mbele ya watu, mchana. Mtoto ni wa aliyetoa ng'ombe. Leo niende serikalini niseme huyu ni wa Marcel? Marcel alileta ng'ombe gani hapa? Mimi nikishajitoa, hata mahari aliyoleta Stanslaus si inakuwa mali ya Marcel? Karatasi za shule ni za shule. Ile ilikuwa karatasi ya damu."

"Nilitaka kumkaba baba yangu," anasema Limi. "Mungu anisamehe. Miaka yote hiyo niliitwa binti Marcel na hakusema neno, akangoja siku ile."

Walirudi nyumbani kwa lori. Mkobani mwake Limi alikuwa na cheti halali cha kuzaliwa, cha kweli kila neno, kisichomfaa kwa lolote.

Chuoni, karani aliweka karatasi zote mezani, akazipanga, akazipangua. Jibu lake Limi amelishika kwa moyo.

"Kwa karatasi hizi, mmoja wenu hakuzaliwa na mwingine hakusoma. Niletee mtu mmoja."

Chuo kilimwekea nafasi kwa mwaka mmoja tu. Karatasi zilizonyooka zifike kabla ya tarehe 30 Mei, 1986, la sivyo anapewa mwingine. Wala asifikirie kuomba tena baadaye, kwa sababu aliambiwa kikomo cha umri kwa kozi ile ni miaka thelathini na miwili. Anaitimiza Oktoba.

Zikaanza barua. Ofisi moja ilimtuma ya pili, ya pili ikamrudisha ya kwanza, na ya tatu ikamwambia mhusika yuko semina Dodoma. Barua zote zilipigwa chapa na Shirin, anayejulikana kama Mama Anar, ambaye ana duka la madaftari na kalamu mtaa wa Nyasubi, Kahama, pamoja na mashine ya chapa aliyoachiwa na baba mkwe wake.

"Barua ya Dada Limi naweza kuipiga nimefumba macho," anasema Mama Anar, akipanga kalamu ambazo siku hizi huja kwa bahati. "'Kwa heshima na taadhima, mimi ninayeitwa hivi, ambaye pia ninaitwa hivi.' Kila mara nasema hii ya mwisho. Kila mara anarudi, uso umevimba kwa hasira. Nampa chai kwanza. Bila chai hawezi kuniambia wamemjibu nini."

Hatimaye, Novemba mwaka jana, walimpeleka kwa hakimu. Limi alifurahi, akidhani ataapa kwamba majina yote mawili ni yake na kwenda zake. Hakimu alisoma, akavua miwani.

"Huyu Scolastika Marcel yuko hai?"

"Nasikia yupo, mheshimiwa. Upande wa Geita, machimboni."

"Basi jina lina mwenyewe. Mlete hapa aseme mwenyewe."

Shule zilipofungwa Desemba, Limi alipanda lori. Mvua ilikuwa imeanza, na mahali pa mwendo wa siku moja walitumia siku mbili, muda mwingi wakisukuma. Machimboni alizunguka siku tatu, toka kambi hadi kambi, akiuliza habari za Scolastika binti Marcel kwa vijana waliotoka kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, wamejaa udongo hadi kope. Walimcheka. Huku hakuna anayetumia jina la kwao, walimwambia.

Siku ya tatu mmoja akamwelekeza kwa mama mmoja anayeuza wali na maharage chini ya turubai. Alimkuta ameinamia sufuria, mnene, kitambaa chekundu kichwani.

"Mwangaluka," Limi alimsalimia Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu. Wali umebaki, maharage yamekwisha."

"Sikuja kula. Namtafuta Scolastika binti Marcel."

Mwanamke yule aliweka mwiko chini taratibu. Alimtazama mgeni, viatu vyake vya kazi, mkoba wake, kalamu iliyochomekwa mfukoni.

"Wewe ndiye mwalimu?"

"Ndiye mimi."

"Basi kaa, wajina," alisema Scolastika. "Nimekungoja miaka kumi na mmoja."

Ilikuwa hivi. Mwaka 1974, kampeni ya kisomo cha watu wazima ilipopita kijijini kwao, Scolastika alinunua daftari na kwenda kujiandikisha. Mwandikishaji alikuwa na orodha ya waliosoma. Akaitazama, akamtazama yeye, akamwambia Scolastika Marcel amemaliza darasa la saba na asipoteze nafasi ya watu.

"Nikamwambia sijui kusoma," alimsimulia Limi. "Akasema ni uvivu. Akasema serikali imepoteza fedha kunisomesha. Wenzangu wakanicheka. Nilirudi na daftari langu jipya, mume wangu akasokotea tumbaku. Baadaye nikasikia kwamba kuna mwalimu Isaka mwenye jina langu."

Baadaye mume alimpeleka machimboni, kisha yeye mwenyewe akatoweka na mwanamke wa kambi nyingine. Scolastika akabaki na sufuria. Wateja wakila kwa mkopo anaweka mistari ya mkaa kwenye ubao, na wakibishana naye hana la kuonyesha zaidi ya mistari.

Limi alikuwa amefika pale na hasira za dunia nzima: za karani, za baba yake, za lori, za matope. "Ghafla nikakosa pa kuziweka," anasema. "Niliona aibu. Nilikuwa nimeomboleza jina langu miaka yote, na sikuwahi hata siku moja kujiuliza mwenye lile jina jingine anaishije."

Alimweleza shida yake. Scolastika alisikiliza hadi mwisho, akikwangua ukoko wa sufuria.

"Nitakuja Kahama," alisema. "Lakini siweki dole gumba. Jina langu wameliandika watu wengine miaka yote. Safari hii naliandika mimi. Na hiyo karatasi naisoma mwenyewe kabla ya kuandika."

"Scolastika, muda hautoshi."

"Wewe si mwalimu?"

Januari alishuka Isaka na sufuria yake, akahamia chumba cha nyuma nyumbani kwa Limi na Stanslaus. Asubuhi alikaanga maandazi akayauza stesheni treni zikisimama. Saa tisa alasiri, watoto wakishatoka, aliingia darasa la kwanza, akakaa kwenye dawati lililomfika magotini, na vita vikaanza.

"Nimefundisha miaka kumi," anasema Limi. "Sijapata mwanafunzi mkaidi kama yule."

Alikikataa kitabu cha kisomo, kwa kuwa kilihusu kilimo bora cha pamba. "Pamba naijua," alisema. "Ndiyo iliyonifukuza kwetu. Nipe karatasi ya mahakama." Kwa hiyo wakatumia rasimu ya kiapo aliyoipiga Mama Anar. Ukurasa mmoja, mistari kumi na minne. Scolastika alijifunza kusoma kwa maneno "naapa" na "mbele yako" kabla ya "baba" na "mama". Kila mstari aliupinga. Kwa nini aitwe mtajwa? Nani kamtaja? Kwa nini umri wake uandikwe na kazi yake isiandikwe?

Alipokosea alilaumu chaki. Chaki zilipokwisha, alilaumu mkaa. Kuna siku alifunga daftari akasema anarudi Geita, na Limi akamwambia arudi, tena aende haraka, treni hiyo inakuja. Kesho yake saa tisa alikuwa kwenye dawati.

Kufikia Aprili mistari yote kumi na minne alikuwa anaisoma, kwa kidole, midomo ikitangulia. Jina lake aliliandika kwa herufi kubwa zilizolalia upande mmoja, na lilikula mstari mzima na nusu.

Alhamisi ya tarehe 8 Mei wakaenda mahakamani. Karani wa mahakama alikuwa amekipiga kiapo upya kwa utaratibu wa ofisi yake. Limi alikipitishia macho, akaona kinafanana na kile alichokifundisha miezi minne, akatia sahihi upande wake. Karani akamsogezea Scolastika kidau cha wino wa dole gumba.

Scolastika alikisukuma kikarudi. "Kalamu," alisema.

Akaanza kusoma. Mstari wa kwanza, kwa kidole. Wa pili. Watu kwenye benchi wakaanza kuguna. Hakimu akatazama saa. Limi alikuwa anatoka jasho, huku anaona fahari, huku anaomba amalize. Kidole kikafika mstari wa kumi na mbili, kikasimama.

"Huu haukuwepo," alisema Scolastika.

"Ni utaratibu tu, mama," karani alimjibu. "Weka sahihi."

Scolastika aliusoma kwa sauti, neno kwa neno: na kwamba kuanzia leo naliacha jina hilo na sitalitumia tena.

Akainua kichwa. "Nani ameacha?"

Karani alieleza kwamba bila hivyo mwalimu hawezi kupewa jina. Scolastika akasema haachi. Karani akasema basi hakuna kiapo. Limi alimshika mkono wajina wake mbele ya mahakama nzima.

"Weka, nakuomba. Zimebaki wiki tatu tu. Ni karatasi."

"Na wewe mwalimu umeisoma hii?"

"Nimeisoma."

"Hukuuona huo mstari?"

Hakuuona. Ameshasoma karatasi nyingi mno za namna hiyo, anasema, macho yake yamejifunza kuruka. Hakimu alifunga faili, akawaambia warudi Alhamisi inayofuata na maneno waliyokubaliana.

Limi alitoka nje akaketi kwenye ngazi. "Nilimtukana kimoyomoyo kwa majina yote mawili," anakiri. "Miezi minne namlisha, namfundisha, halafu anatumia masomo yangu kunikaanga. Nikalia. Nikalia kwa hasira kweli."

Scolastika alikuja akakaa ngazi ya chini yake, akatoa andazi kwenye kitambaa, akaligawa.

"Baba yako alipoulizwa mtoto ni wa nani, alisemaje?" aliuliza.

Limi alipokea nusu yake ya andazi.

"Basi na mimi," alisema Scolastika. "Mimi hapa."

Wakaenda zao kwa Mama Anar. Mama Anar aliwaona wanaingia, akaweka birika jikoni bila kuuliza, akaingiza karatasi kwenye mashine. Barua ya kumi na mbili. Walibishana meza nzima, wakisukumana vikombe, na mwisho Mama Anar ndiye aliyepata neno: hakuna anayetaka kupewa jina la mwenzake, kwa hiyo kwa nini wanaomba lipokewe na kuachwa? Kiapo kipya kilisema kwamba Limi Nkwabi ndiye aliyesoma na kufanya mitihani yote, kwa jina lisilokuwa lake, na kwamba jina la Scolastika Marcel ni la mwenyewe na litabaki lake.

Tarehe 15 Mei hakimu alikisoma, kisha akasema hiki kina akili kuliko cha kwanza. Scolastika alisoma mistari yote, kidole hakikusimama popote. Akaandika. Jina lilivuka nafasi iliyoachwa, likaingia hadi kwenye mhuri.

Karatasi ziliondoka na treni ya siku ile ile. Jumamosi iliyopita ikaja simu ya maandishi kutoka chuoni: NAFASI IPO RIPOTI JULAI NA KARATASI ZOTE TENA.

"Tena!" anasema Limi, akiigonga karatasi ya simu hiyo kwa vidole. "Wanazo karatasi zote. Wanataka nizipeleke tena." Lakini ameikunja vizuri na kuitia mkobani, kwenye mfuko wa ndani, pamoja na cheti cha kuzaliwa ambacho baba yake alimsababishia.

Julai anakwenda chuoni, miaka miwili, na Stanslaus atabaki na watoto. Anataka kurudi hapa hapa Isaka kufundisha. Kabla ya kuondoka amempeleka Mzee Mageni kwa Mama Anar, na ombi la binti yake la masomo ya posta limekwisha kupigwa chapa, kwa jina lake mwenyewe, pamoja na jina la baba yake. Mzee alilalamika kwamba ni njia ndefu. Limi alimwambia anaujua urefu wake.

Jambo moja lilikuwa bado. Saa tisa alasiri, Jumatatu ya wiki inayofuata, darasa la kwanza limejaa watu wazima kumi na mmoja waliojibana kwenye madawati ya watoto. Ni kisomo kipya, ambacho Limi amekifungua ili amkabidhi mwalimu mwenzake kabla ya kuondoka. Rejista ni mpya, na majina ameyaandika mwenyewe. Anaita Serafina, anaitikiwa. Anaita wengine watatu. Anafika mstari wa tano.

"Scolastika Marcel."

Midomo yake inafunguka kidogo, kwa mazoea ya miaka kumi na tisa. Anaifunga.

"Nipo," inasema sauti kutoka dawati la nyuma, ya chini, ya mtu ambaye hajazoea.

"Sikusikii," anasema Limi Nkwabi bila kuinua macho kwenye rejista. "Sema kwa nguvu."

"Nipo!"

Mwalimu anaweka alama, kisha anaita jina linalofuata.